Usukani mpya kwa Boxer na TVS: upi unatuliza mikono, upi unahamishia maumivu mgongoni

Ukiingia duka la vipuri vya pikipiki Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ukaulizia usukani wa kukaa vizuri, utatolewa ule mrefu uliopanda juu, wenye nondo iliyokingama katikati. Unapendeza, na pikipiki inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Ila kwa mtu anayebeba abiria kutwa nzima, mara nyingi huo ndio usiomfaa.

Tunazungumzia pikipiki za kazi za cc 100 hadi 150: Boxer, TVS HLX, na zile za Kichina zilizofuata umbo la Honda CG125. Karibu zote zinatumia usukani wa bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 22, kwa hiyo mengi yanayosemwa hapa yanazihusu zote. Na hukumu tuitoe mapema: usukani wa chuma wa milimita 22, uliopanda sentimita 2 au 3 tu kuliko wa kiwandani na wenye mikono iliyorudi nyuma kidogo, unaishinda mitindo mingine kwa bei na kwa starehe. Mingine ina wateja wake, tutaifikia.

Kabla ya kutoa hela, kuna marekebisho ambayo hayagharimu kitu. Legeza boliti nne za vibano vya katikati, vile vinavyoushika usukani kwenye shingo ya pikipiki, usizitoe, kisha zungusha usukani kidogo kuelekea kwako au mbele. Nyuzi tano tu za mzunguko zinabadilisha kabisa namna kiganja kinavyokaa. Halafu legeza boliti za leva ya klachi na ya breki, uzishushe mpaka vidole vikinyooshwa juu ya leva vifuate mstari mmoja na mkono toka kwenye kiwiko. Pikipiki nyingi hutoka dukani leva zikiwa zimelala karibu sawa na ardhi, dereva anakunja kifundo cha mkono kwenda juu kila anapokamata klachi. Kwenye foleni ya Mbagala au Thika Road hiyo ni mara mia kadhaa kwa siku. Wengi wanaolalamikia usukani wanachoumwa ni leva.

Kama bado unaumia, angalia ni wapi panapouma, maana kila mahali pana sababu yake. Ganzi ya kidole kidogo na cha pete inatokana na neva inayopita upande wa nje wa kiganja: uzito wa mwili unaegemea pale, yaani mikono ya usukani iko mbali au imenyooka mno. Ganzi ya kidole gumba, shahada na cha kati ni ya kifundo kilichokunjwa, na hapo rudi kwenye leva. Mabega na shingo vikikaza, usukani uko juu mno au mpana mno. Kiuno kikiuma huku mikono iko salama, usukani hauna kosa. Tazama siti iliyobonyea na shokapu za nyuma zilizokufa.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawaliulizi: unabeba nini?

Dereva wa vifurushi mwenye boksi nyuma anakaa peke yake. Ana siti yote, anasogea anapotaka, na mara nyingi anakaa nyuma kidogo akigusa boksi. Mikono yake inanyooka kuufikia usukani. Huyu usukani uliorudi nyuma unamponya, na hata wa kupanda sentimita 4 au 5 anaweza kuufaidi.

Dereva wa abiria hali yake ni tofauti. Abiria akipanda, dereva anasukumwa mbele hadi tenki liguse mapaja. Akipanda wa pili, au gunia, anakaa karibu juu ya tenki. Pale usukani uliorudi nyuma sana unamfuata kifuani: viwiko vinatoka nje kama mabawa, mabega yanapanda, na akikata kona kali ncha ya mkono inagonga goti au ubavu. Ndiyo maana usukani uleule mmoja atausifu na mwenzake kijiweni ataulaani, na wote wawili wana haki.

Kwa hiyo pima ukiwa umebeba kama unavyobeba. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, mpandishe mtu nyuma, kaa unavyokaa kazini. Funga macho, acha mabega yashuke, kunja viwiko kidogo, nyoosha mikono mbele kama unashika usukani usiokuwepo. Fumbua macho. Mwenzako apime kwa futi toka kiganja chako mpaka mpira wa usukani ulipo: imepungua sentimita ngapi kwenda juu, ngapi kurudi nyuma. Hizo namba mbili ndizo unazokwenda nazo dukani. Wengi wanakuta ni sentimita 2 juu na 3 nyuma, au hata sifuri juu. Ni wachache sana wanaohitaji sentimita 8 za ule usukani mrefu.

Huo mrefu wa mtindo wa trail, yaani wa pikipiki za njia mbovu, wenye nondo ya kukingama, una mazuri yake. Kwenye barabara ya vumbi na makorongo unaweza kusimama juu ya vikanyagio na mikono ikabaki mahali pake. Nondo ile ni mahali pazuri pa kufunga kishikio cha simu. Lakini ni mpana, na upana una gharama kati ya magari mawili kwenye foleni. Urefu wake unazidisha mtetemo wa injini, kwa sababu mkono mrefu unatikisika zaidi ya mfupi, na nondo inaufanya usukani kuwa mgumu kiasi kwamba mtetemo haumezwi popote, unaishia viganjani. Juu ya hayo kebo zote za kiwandani zinakuwa fupi. Ni usukani wa Njombe, Turkana au Kivu vijijini. Kariakoo hauna kazi.

Usukani mnene wa aloi, ule wa milimita 28.6 katikati unaopungua hadi 22 kwenye mikono, ni kifaa kizuri kilichotengenezwa kwa ajili ya pikipiki nyingine. Kwanza haukai kwenye vibano vya Boxer wala vya TVS. Lazima ununue vibano vya kubadilishia, navyo vinaongeza urefu utake usitake. Pili, bei yake ni mara kadhaa ya ile ya chuma. Tatu, pikipiki ikilala chini, chuma hupinda ukafika nyumbani nao umepinda. Aloi iliyopinda haiaminiki tena, inaweza kukatika baadaye bila onyo. Kwa pikipiki ya kazi inayoanguka mara moja moja kwenye matope, hapana. Na jihadhari na ile inayouzwa bei ya kutupa ikiwa imepakwa rangi ya dhahabu: nyingi hazina alama ya aina ya aloi (6061 au 7075) popote.

Raiza, vile vipande vinavyowekwa chini ya vibano ili kuunyanyua usukani uliopo, zinavutia kwa sababu hubadilishi kitu kingine. Za milimita 20 hadi 30 zinafaa kwa mtu mrefu ambaye umbo la usukani wake halina tatizo. Hazirudishi mikono nyuma, labda ununue zile zilizoinama. Kagua boliti zinazokuja nazo. Kichwa cha boliti kiwe na maandishi 8.8, na ikishafungwa iwe imeingia kwenye uzi si chini ya milimita 12. Raiza yenye boliti fupi inashika nyuzi nne au tano tu za aloi laini, na siku utakapoingia shimoni breki ikiwa imekamatwa, nyuzi hizo zinang'oka zote pamoja.

Ile mifupi iliyonyooka kabisa, inayopendwa na vijana kwa sababu ya muonekano, haiingii kwenye mada ya starehe. Tuipite.

Inabaki ile ya kawaida ya chuma iliyorudi nyuma. Madukani hupangwa pamoja na usukani wa kiwandani wa pikipiki nyingine, na hapo ndipo penye ujanja: wa CG125, kwa mfano, unaweza kuwa umerudi nyuma kuliko wa Boxer na unakaa kwenye vibano vilevile. Beba usukani wako wa zamani dukani, au angalau picha yake ikiwa na futi pembeni. Iweke miwili juu ya kaunta, katikati na katikati, ulinganishe.

Ukiwa bado dukani, pima kipenyo katikati na mwishoni. Kiwe milimita 22 pote. Wa milimita 25.4 ni wa pikipiki kubwa za mtindo wa Kimarekani na hautaingia. Sehemu iliyonyooka toka ncha hadi mkunjo wa kwanza iwe na sentimita 20 au zaidi, la sivyo mpira, swichi na leva havitapata nafasi na leva itakaa juu ya mkunjo ikikataa kubana. Katikati, panapobanwa, pawe na vipele vya kukwaruza, kwa sababu bomba laini linateleza vibanoni. Mwisho, ulaze juu ya kioo cha kaunta: ncha zote mbili ziguse sawasawa. Mwenye duka akikataa usiulaze, nenda la pili.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya saa moja na nusu hadi mbili kwa pikipiki yenye breki ya mbele ya kebo. Unahitaji spana namba 10 na 12 au 13, bisibisi ya nyota, spana za L za milimita 5 na 6 kwa baadhi ya pikipiki, drili yenye keekee ya milimita 4 au 5, na simu ya kupiga picha. Piga picha za njia ya kila kebo kabla hujagusa kitu. Kebo iliyopita upande usio wake wa shingo ya pikipiki ndiyo inayowarudisha watu kwa fundi wiki hiyohiyo.

Chomoa waya hasi wa betri, funika tenki kwa blanketi. Toa vioo. Anza upande wa eksileta: fungua skrubu mbili za nyumba yake, legeza kebo, toa kile kichwa kidogo cha waya kwenye tundu lake, vuta mpira wote nje. Kisha leva ya breki. Upande wa kushoto mpira umeganda: ingiza bisibisi nyembamba chini yake, tia maji ya sabuni, zungusha. Usiukate kama bado mzima. Leva ya klachi na swichi vikishatoka, fungua vibano. Kama pikipiki yako ina diski mbele, masta silinda, ile yenye kikopo cha mafuta ya breki usukanini, isiachwe ikaning'inia kichwa chini. Ifunge kwa kamba isimame wima, bila kuitenganisha na paipu yake. Ikilala, hewa inaingia na utaanza kazi ya kutoa hewa ambayo hukuipanga, na mafuta ya breki yakidondokea tenki yanachubua rangi.

Usukani mpya uweke, kaza boliti za vibano kwa vidole tu, kaa juu, chagua mkao. Kifuniko cha kibano kikiwa na kitone kilichogongwa, kitone kinatazama mbele: kaza boliti za mbele kwanza mpaka mwisho, kisha za nyuma, na nafasi ibaki nyuma. Kisipokuwa na kitone, kaza kwa zamu ili nafasi ya mbele na ya nyuma zilingane. Boliti za M8, yaani zenye unene wa milimita 8, zinataka Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 20 hadi 25. Kwa asiye na spana ya kupimia, ni spana fupi na nguvu ya mkono mmoja bila kuegemeza mwili. Boliti ndogo za leva zinataka Nm 10 hivi, na leva zisibanwe kufa: pikipiki ikianguka, leva inayoweza kuzunguka kidogo haivunjiki.

Kama usukani unateleza vibanoni hata baada ya kukaza, usiufunge kipande cha kopo la soda kama wafanyavyo baadhi ya mafundi. Ama bomba si la milimita 22, ama kuna grizi au rangi katikati, ama vifuniko vimegusana kwa sababu mtu alishavipiga tupa. Safisha kwa petroli, upime tena, na vifuniko vilivyopigwa tupa nunua vipya.

Kisha kuna kile kipini kidogo ndani ya swichi. Kipini kile kinaingia kwenye tundu la usukani ili swichi isizunguke, na usukani mwingi wa dukani hauna tundu. Fundi mwenye haraka atakisaga. Upande wa taa na honi unaweza kuvumilia hilo, ingawa swichi itazunguka siku ya mvua. Upande wa eksileta usikubali kamwe: nyumba yake ikizunguka pamoja na mkono, kebo inavutika na pikipiki inapiga resi bila kuambiwa. Pima mahali, weka alama, toboa tundu moja lenye ukubwa wa kipini, chokonoa vyuma vilivyobaki. Usitoboe karibu na mkunjo wala karibu na vibano, maana huko ndiko nguvu zote zinakopita.

Mpira wa eksileta uzunguke huru na kujirudia wenyewe kwa mlio wa kugonga. Kroomu yenye mabaka au ncha iliyopinda itaukwamisha. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya mpira na kizito cha mwisho, kile kipande cha chuma kinachofungwa kwenye ncha ya usukani. Usijaze grizi, vumbi la barabara zetu linaigeuza kuwa msasa. Mpira wa kushoto uingize kwa petroli kidogo au kwa gundi ya mipira, uache ukauke usiku mzima kabla ya kutoka barabarani.

Halafu kebo. Nyongeza ya sentimita 2 au 3 kwa kawaida inavumiliwa na kebo za kiwandani, hasa ukizipitisha njia fupi zaidi. Zaidi ya hapo nunua ndefu. Kulinganisha urefu wa ganda peke yake hakutoshi: sukuma ganda lote upande mmoja, pima waya wa ndani uliobaki wazi. Urefu huo uwe sawa na wa kebo ya zamani, hata kama ganda ni refu zaidi. Usipokuwa sawa, hutapata kurekebisha klachi hata ufungue marekebisho yote mawili.

Nyaya za swichi mara nyingi zinaungana ndani ya taa ya mbele. Fungua taa, utakuta kuna sentimita kadhaa zilizokunjwa humo. Zivute taratibu badala ya kukata na kuunga. Waya uliokazwa shingoni hauharibiki siku hiyo. Unakatikia ndani ya ganda lake baada ya wiki kadhaa, na dalili yake ni honi inayolia ukikata kushoto na kunyamaza ukikata kulia.

Ukaguzi ufanyike gurudumu la mbele likiwa hewani. Hapo shokapu za mbele zinanyooka mpaka mwisho, na kebo au paipu ya breki inayokwenda kwenye gurudumu inaonyesha urefu wake wa kweli. Wengi wanakagua gurudumu likiwa chini, kila kitu kinaonekana kulegea vizuri, kisha kwenye tuta la kwanza paipu inavutika. Zungusha usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho. Kidole gumba kisibanwe kati ya mpira na tenki; kama kinabanwa, usukani huo haukufai, na kile kizuizi cha kukata kona kisiguswe kwa nyundo. Washa injini ikiwa fri, zungusha tena pande zote. Resi ikipanda, kebo ya eksileta imekaza. Eksileta iwe na mchezo wa milimita 2 hadi 6, ncha ya leva ya klachi milimita 10 hadi 20, na ya breki ya kebo milimita 20 hadi 30, na mchezo huo usitoweke ukikata kona. Klachi isiyo na mchezo inateleza na kuungua, na lawama itaangukia sahani za klachi.

Kama baada ya hayo pikipiki inayumba kwa mwendo, au inajirudisha katikati yenyewe kama imeingia kwenye tundu, tazama beringi za stelingi, zile za shingoni zinazozungusha usukani. Usukani mrefu hauziharibu. Unaufanya ubovu wake uonekane. Na mtetemo ukizidi, kaza kwanza boliti za injini kwenye fremu, kisha angalia bushi za mpira chini ya vibano kwa pikipiki zilizo nazo. Vizito vya mwisho vinasaidia. Mipira ya sponji inasaidia pia, ila inanenepesha mkono kwa mwenye kiganja kidogo, inanyonya maji ya mvua, na ndani ya miezi michache inaanza kumomonyoka.

Usukani uliowahi kupashwa moto ukanyooshwa, au uliochomelewa, usinunue hata ukiwa na kroomu mpya. Ufa huanzia pembeni mwa kibano, mahali ambapo hauonekani mpaka ufungue.

Rudia kukaza boliti za vibano baada ya siku ya kwanza ya kazi. Kebo ndefu ukizipata nunua seti mbili moja kwa moja, na ya akiba iweke chini ya siti: ukiwa nje ya mji ikakatika ya klachi, duka la karibu litakuwa na ile fupi ya kiwandani tu.